"Dili": Neno Moja, Asili Mbili

Pale Mwanjelwa, Mbeya, mtu akisema "mchele sasa ni dili", maana yake unatafutwa sana. Akisema "jamaa kapiga dili", tayari pananuka ujanja. Neno ni "deal" la Kiingereza, ambalo hapo kale lilikuwa fungu tu. Likaja kuwa kugawa karata, kisha kufanya biashara. Lipo "deal" jingine, lenye asili ya Kijerumani cha kaskazini na Kiholanzi: ubao wa paina, kama zile mbao za Sao Hill, Iringa. Hilo hatukulichukua.

"Dili" letu linafunika halali na haramu kwa shuka moja. Kwa hiyo naona mhakiki akilikuta hadithini asiishie kwenye kamusi. Aulize, fungu hilo limemegwa kwa nani?