Kamera kwa Ndiva, Penseli kwa Mpungi

Kodi ya fremu yangu hapa Same mjini inalipwa na kadi za harusi, mabango ya maduka na fulana za misiba zenye picha ya marehemu. Kazi nyingine, isiyolipa, ni kuchora kwa kompyuta mali za Wapare zilizobomoka. Wapo wanaodhani ukishakuwa na simu nzuri basi kila kilichoharibika kipigwe picha, kitiwe viraka, kirushwe mtandaoni. Mimi nakataa. Vipo vya kupigwa picha na vipo vya kuchorwa tu, na anayevichanganya anaviharibu mara ya pili.

Ndiva ni ya kupigwa picha. Kwa msomaji asiyetoka milimani, ndiva ni bwawa la kienyeji lililojengwa kwa mawe na udongo. Maji ya mfereji hulijaza usiku, na mchana hufunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Huku Upare Kusini, Vudee na Bangalala kwa mfano, mahindi ya miteremko mikavu yametegemea ndiva tangu kabla ya Mjerumani. Ndiva ilikuwa na ukoo wake na tambiko lake, na ilizibuliwa kwa msaragambo, watu wakitoka na majembe kwa pamoja. Leo baadhi zimejaa tope, kingo za nyingine zimeliwa na mvua, nyingine zimesakafiwa kwa saruji hata huoni jiwe la zamani.

Ukitaka umbo lake la pande tatu, unaizunguka na simu ukipiga picha zinazopishana, kila moja ikirudia zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Programu, nami hutumia Meshroom kwa sababu ni ya bure, hutafuta alama ileile katika picha kadhaa, tuseme jiwe lenye ufa, kisha hulinganisha pembe na kukokotoa jiwe lilipo. Alama zikiwa nyingi, ukuta mzima unasimama kwenye skrini, unaugeuza utakavyo. Lakini hautakuambia urefu wake mpaka uweke kando yake kitu chenye kipimo kinachojulikana. Mimi hulaza rula ya fundi seremala. Adui mkubwa ni maji. Yanameta, na kila picha huona mng'ao wake. Kwa hiyo unapiga ndiva ikiwa imefunguliwa, maana yake lazima ujue ni zamu ya nani na uongee kwanza na mgawa maji. Teknolojia yote hiyo, na bado ufunguo uko kwa mzee mwenye jembe.

Palipobomoka najaza kwa rangi ya buluu, buluu isiyofanana na udongo wowote wa Upare. Huo si ubunifu wangu. Mwongozo wa kimataifa uitwao London Charter, wa mwaka 2006 na ulioboreshwa 2009, unadai kwamba anayechora urithi kwa kompyuta aonyeshe wazi kipi kina ushahidi na kipi ni kukisia. Faida yake niliiona kijijini: wazee wawili walibishana juu ya ukingo wa buluu mpaka chai ikapoa, mmoja akisema tundu la maji lilikuwa upande wa juu, mwingine akiapa halikuwa. Picha iliyokamilika wangeisifu tu na kuondoka.

Dunia inafanya hivi kwa makubwa zaidi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalipimwa kwa miale ya leza na Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Sanamu za jumba la makumbusho la Mosul, Iraki, zilipovunjwa mwaka 2015, watu wa kujitolea walikusanya picha za watalii na kuunda upya maumbo yake kwa njia hiihii ninayotumia kwenye ndiva. Sina ugomvi nao.

Mpungi ni jambo lingine. Ni msitu mtakatifu wa ukoo, na zamani mafuvu ya wahenga yalihifadhiwa humo ndani ya vyungu. Profesa Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969, aliyakusanya masimulizi ya koo hizi vinywani mwa wazee. Misitu mingi imepungua. Shoka zimepita, dini mpya zimepita, na siku hizi wanapita wenye "ramani" za kutafuta rupia za Mjerumani, wakichimba usiku. Simu yako huweza kuandika ndani ya faili la picha mahali hasa ulipoipigia. Ukirusha faili la picha ya mpungi kama lilivyo, umewapa wachimbaji ramani ya kweli, ya kwanza maishani mwao.

Halafu kuna mafuvu yaliyoishia Berlin. Taasisi ya Stiftung Preußischer Kulturbesitz ilichunguza mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika Mashariki, na Septemba 2023 ikatangaza kwamba matatu yameoana kwa vinasaba na ndugu walio hai Tanzania. Fuvu la jirani yetu Mangi (chifu) Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa Machi 2, 1900, halikuwemo. Konradin Kunze na Sarita Mamseri walimtengenezea kazi ya sanaa ya video mwaka 2018, Mangi Meli Remains, inayotumia michoro inayosogea, na ikafika hadi Old Moshi kwenyewe. Hakuna skana inayoweza kupima kisichopo. Mchoraji anaweza kuonyesha kwamba hakipo, bila kumvua nguo marehemu.

Ndiyo njia niliyoifuata kwa mpungi wa kwetu. Hakuna simu iliyoingia. Nimechora kwa penseli kwenye tableti ukingo wa nje tu, katikati nikaacha karatasi tupu. Binamu yangu wa Dar anasema huo ni uvivu, anataka kitu cha kuweka kwenye grupu la ukoo. Baba mkubwa amelichukua faili kwenye fleshi, nakala yangu imefutwa kwa masharti yake, na ameagiza niongeze mkuyu uliokatwa kabla sijazaliwa. Anayekumbuka uliinamia upande gani ni shangazi aliyeolewa Mamba Miamba, naye amesema haji mpaka amalize kuuza tangawizi.