Injini Ikizimika Juu ya Kanzenze

Wako wengi miongoni mwetu wanaoamini kwamba ndege ndogo iliyozimikiwa injini huanguka kama jiwe. Imani hiyo si sahihi, na kwa askari ni ya hatari, kwani aghalabu yeye ndiye hutangulia kufika mahali ndege ilipotua kwa dharura. Kwa hiyo tumeona inafaa kuwaeleza wasomaji wetu wa jeshi na polisi jambo hili kinaganaga.

Kinachoibeba ndege hewani ni mabawa. Kazi ya injini ni kuisukuma mbele. Injini ikinyamaza, rubani huinamisha pua kidogo, na uzito wa ndege wenyewe hushika kazi ya kuiendesha. Cessna 172, ndege ya injini moja na viti vinne, ikishika mwendo wake bora wa kilomita 120 hivi kwa saa, huteleza karibu mita 9 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka. Rubani akiinua pua kwa tamaa ya kufika mbali, huifupisha safari. Na mwendo ukipungua mno, mabawa huacha kubeba. Hapo ndipo ndege huanguka kweli.

Na tuchukulie mfano wa Kanzenze, Wilaya ya Rubavu, nchini Rwanda, chini ya milima ya Virunga. Tuseme ndege inapita huko mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mita hizo zote si mali ya rubani. Ikiwa ardhi iliyo chini yake ina mwinuko wa mita 2,000, amebakiwa na mita 1,000 tu, yaani kilomita 9 za kuteleza katika hewa tulivu. Upande wa kaskazini-mashariki umezibwa na Karisimbi, mlima wa mita 4,507. Upande wa Gisenyi ardhi hushuka hadi Ziwa Kivu, lenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, naye hupata nafasi zaidi. Tena hewa ya huko juu ni nyepesi: kwenye mwinuko wa mita 2,000 ndege hugusa ardhi kwa mwendo unaozidi ule unaosomwa kwenye saa yake kwa karibu asilimia 10, na kishindo kikaongezeka kwa asilimia 20 hivi.

Je, rafadha nayo hufanya nini? Mara nyingi haisimami. Upepo huizungusha, nayo hugeuka kuwa breki. Ikiwa ni rafadha ambayo panga zake hazibadiliki pembe, ikisimama kabisa huzuia hewa kidogo kuliko inapozungushwa na upepo. Lakini kuisimamisha hudai kupunguza mwendo hadi ukingoni mwa hatari, jambo lisilofaa karibu na ardhi. Katika ndege kama Cessna Caravan, rubani huweza kuzigeuza panga hadi makali yake yaukabili upepo, na kizuizi kikapungua sana.

Beryl Markham, rubani aliyekulia Kenya, aliyajua haya kwa vitendo. Mwezi wa Septemba, 1936, alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza. Injini yake ilikosa mafuta akiwa amekaribia nchi kavu, akaiteremsha ndege katika kinamasi cha Nova Scotia, Kanada. Pua ilizama matopeni; yeye aliumia kichwa, lakini alitoka akitembea.

Sasa wajibu wetu. Kwanza ni kuokoa watu. Askari asipite mbele ya rafadha wala asiiguse, hata ikiwa imesimama. Cheche za injini za pistoni hutoka kwenye magineto, ambayo haihitaji betri. Kuisukuma rafadha kwa mkono kwaweza kuiwasha injini ghafla. Sigara na moto wa aina yoyote ni marufuku, kwani petroli huenda inavuja.

Watu wakishaokolewa, mabaki yalindwe. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 huitaka nchi ambamo ajali imetokea ichunguze na kuhifadhi ushahidi. Rafadha ni shahidi mkubwa. Panga zote zikiwa zimejipinda kwa mikunjo, na zina mikwaruzo iliyokata upana wake, huashiria kwamba injini ilikuwa ikivuta wakati wa kugonga. Upanga mmoja ukiwa umepinda kwenda nyuma na mwingine umenyooka, huashiria kwamba injini ilikwisha kufa. Mwanakijiji akiuchukua upanga huo akafanye jembe, au askari akiunyoosha ili gari lipite, ushahidi umepotea, na kasoro iliyoiangusha ndege hiyo yaweza kuiangusha nyingine.

Kwa hiyo, ndugu askari, siku utakapotumwa shambani kulinda ndege iliyovunjika, jua kwamba unawalinda hata abiria ambao bado hawajapanda.