Kwa Nini Waamuzi wa Besiboli Huhama Pamoja

Mechi ya kawaida ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani huwa na waamuzi wanne: mmoja nyuma ya mdakaji, na mmoja kwa kila kituo kati ya vitatu. Vituo vikiwa vitupu na mpira ukapigwa mbali kushoto, mwamuzi wa tatu huufuata aone kama umedakwa. Wa nyuma ya mdakaji huziba nafasi yake. Wa pili hushika kituo chake. Wa kwanza, mpigaji akishagusa kituo cha kwanza, hukimbilia nyumbani. Mmoja asipohama, mchezaji huhukumiwa na asiyeona. Katika World Series huongezwa wawili kwenye mistari ya pembeni. Haki hutaka kuona, na kuona hutaka wenzako wahame nawe.