Risasi ya mnyama mkubwa: kwa nini kufika mbali hakutoshi

Msikilizaji wetu, ukishika barabara ya kutoka Itigi kwenda Rungwa hadi Mbeya, unaelekea upande wa mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Msimu wa uwindaji ukifunguliwa, vijana wetu hupata kazi kule: wengine kusoma nyayo, wengine kubeba mizigo, wengine kupika kambini. Wawindaji nao huja na bunduki zenye darubini, na wapo wanaoamini kwamba mnyama mkubwa anaweza kupigwa kutoka mita 400. Leo tunaeleza risasi ya mnyama mkubwa huchaguliwaje, na kwa nini jambo hili linamhusu hata mrina asali ambaye hajawahi kushika bunduki.

Namba ya risasi ina maana gani?

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kitakoni, baruti ndani yake, na kichwa kinachoruka. Namba kama .375 ni upana wa kichwa hicho kwa kipimo cha inchi, sawa na milimita 9.5.

Tulinganishe nne zinazojulikana sana. Ya .30-06, iliyoanza jeshini Marekani mwaka 1906, hurusha kichwa cha gramu 11.7 kwa kasi ya kama mita 820 kwa sekunde. Ya .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963 hurusha kichwa cha uzito huo huo kwa kama mita 900. Ya .375 ya Holland & Holland wa London, ya mwaka 1912, hurusha gramu 19.4 kwa kama mita 770. Ya .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956 hurusha gramu 32 kwa kama mita 640.

Utaona kwamba zenye kasi zaidi ndizo nyepesi. Hizo huenda zimenyooka zaidi, na zinafaa kwa kongoni au tandala aliye mahali peupe. Nyati ana ngozi nene, mifupa mizito ya bega, na dume anaweza kufika kilo 700 na zaidi. Kwake kinahitajika kichwa kizito kinachopenya hadi kwenye moyo na mapafu. Ndiyo maana kanuni za uwindaji Tanzania zinataka bunduki ya kuanzia .375 kwa wanyama hatari kama nyati na tembo.

Kuna watakaosema Walter Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, zaidi ya miaka 100 iliyopita, aliua wengi kwa risasi ndogo ya milimita 7. Ni kweli. Lakini Bell aliusogelea mnyama na kulenga ubongo, baada ya kujifunza vizuri ulipo ndani ya fuvu. Hakutegemea umbali.

Umbali unafanya nini?

Kila risasi huanza kuanguka mara inapotoka mdomoni mwa bunduki, kama jiwe la manati. Ya .375 huchukua karibu nusu sekunde kufika mita 300, na katika muda huo huwa imeanguka kama mita moja kutoka kwenye mstari wa mtutu. Mwindaji akikosea kukadiria umbali, kichwa hupita chini au juu ya alipolenga. Upepo nao hukisukuma pembeni.

Halafu kuna mnyama mwenyewe. Katika nusu sekunde hiyo, mnyama anayetembea amesogea zaidi ya nusu mita. Risasi iliyolengwa kwenye mapafu inatua tumboni. Tena, nguvu ya kichwa hupungua njiani, na kichwa laini kilichotengenezwa kifunguke ndani ya nyama huenda kisifunguke vizuri kasi ikishuka. Darubini inakuonyesha mnyama karibu, lakini haipunguzi hata mita moja ya safari ya risasi.

Kwa nini inatuhusu?

Vichaka vya Itigi vinajulikana kwa wataalamu wa mimea kwa jina hilo la mji wetu. Vimesongamana, vina urefu wa mita 3 hadi 5, na ukiwa ndani huoni mbali. Nyati aliyejeruhiwa kutoka mita 300 hukimbilia humo. Sasa msoma nyayo ndiye anayetangulia kumfuata, na umbali umebaki hatua chache. Asipopatikana, kesho yake atakayekutana naye ni mtu aliyekwenda kuangalia mizinga yake.

Kwa hiyo, wewe unayeajiriwa kwenye safari ya uwindaji, uliza mambo matatu kabla ya kuondoka kambini. Bunduki hii imejaribiwa shabaha baada ya kusafirishwa? Risasi zilizomo zinamfaa mnyama anayetafutwa? Mwindaji huyu amekubaliana na mwindaji bingwa asipige zaidi ya umbali gani? Kuuliza si utovu wa adabu, maana ni wewe utakayetangulia kichakani.

Na wewe uliyeko kijijini, ukiona damu, au nyati wa peke yake anayechechemea, usimfuate wala usiite watu kwenda kumtazama. Rudi kwa njia uliyojia. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na askari wa wanyamapori: umemwona wapi, saa ngapi, alielekea wapi. Waambie pia majirani wenye mizinga upande huo.

Mwindaji hodari husogea hadi awe na hakika ya risasi yake. Asipoweza kusogea, humwacha mnyama aende zake.