Filamu Iliyosimulia kwa Nyimbo (Sehemu ya Pili)

Kijana wa Mlali, wilayani Kongwa, anayetazama filamu ya Kihindi katika banda la video halazimiki kujua Kihindi ili atambue nani kampenda nani. Wimbo ukianza, siri yote imetoka. Mwanzo wa desturi hiyo unajulikana hadi tarehe: Machi 14, 1931, filamu ya Alam Ara, ya kwanza ya India yenye sauti, ilipoonyeshwa katika ukumbi wa Majestic jijini Bombay. Watu walifurika hadi polisi wakaitwa.

Mwongozaji, Ardeshir Irani, hakutunga kisa kipya. Alichukua tamthilia ya Joseph David, mwandishi wa majukwaa ya Waparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi. Mfalme ana wake wawili, Dilbahar na Navbahar. Fakiri anatabiri kwamba Navbahar ndiye atakayezaa mrithi. Dilbahar, kwa wivu, anamtaka kimapenzi mkuu wa majeshi, Adil. Akikataliwa, anamtia Adil gerezani na kumfukuza binti wa Adil, Alam Ara, ambaye analelewa na watu wa kuhamahama. Binti anakua, anarudi ikulu, na mwana wa mfalme anampenda.

Kuirekodi kulikuwa kazi ngumu kwelikweli. Studio ilipakana na reli, na kamera ya Tanar ilinasa sauti papo hapo pamoja na picha, kwa hiyo mlio wa treni ungeharibu kila kitu. Wakawa wanapiga picha usiku wa manane, kati ya saa saba na saa kumi, treni zikiwa zimetulia. Maikrofoni zilifichwa karibu na waigizaji, na wapiga ala wakajibanza wasionekane. Wazir Mohammed Khan, aliyeigiza fakiri, aliimba kwa kusindikizwa na harmonia na tabla tu.

Nyimbo zilikuwa saba, na hazikuwa pambo. Vikundi vya maigizo vya Waparsi vilicheza mbele ya watazamaji wa lugha mbalimbali, na muziki ndio uliowaunganisha wote. Irani alifanya la busara kuuhamisha pamoja na hadithi. Bila huo, huenda filamu za Kihindi zisingevuka bahari kwa wepesi ule.

Na bahari yenyewe ilikuwa imekwisha kuvukwa kwa muziki. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za taarabu. Baadaye watunzi wa taarabu nao wakaazima lahani za filamu za Kihindi na kuzitilia mashairi ya Kiswahili.

Inasikitisha kwamba Alam Ara yenyewe haipo tena. Hakuna nakala inayojulikana. Zimebaki picha za mnato na matangazo.

Mwaka 1932, Madan Theatres ya Calcutta ilitoa Indrasabha, kutokana na tamthilia ya Agha Hasan Amanat: binti wa kijini anampenda mwanadamu, na nyimbo zinakaribia 70. Hiyo itachambuliwa wiki ijayo.