Kumpiga Nani? Kauli ya Vita ya Julius Nyerere ya 1978 Ikitazamwa Kutoka Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanaitathmini upya kauli ya vita aliyoitoa Rais Julius Nyerere Novemba 1978, pamoja na sifa aliyojijengea kutokana nayo. Hoja kuu ni kwamba kauli hiyo ilimlenga mtu mmoja, si nchi wala ardhi, na kwamba umbo lake la kisarufi lilikuwa na uzito wa kisiasa katika eneo la mpakani kama Busia na Tororo. Hata hivyo, kauli hiyo haikueleza mwisho wa vita, na pengo hilo ndilo chimbuko la mabishano mengi yanayoendelea juu ya Nyerere.

Utangulizi

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kuliteka eneo la Tanzania lililo kaskazini mwa Mto Kagera, lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 1,800. Novemba 1, Idi Amin alitangaza kwamba eneo hilo limekuwa sehemu ya Uganda. Siku iliyofuata Nyerere aliwahutubia wazee wa Dar es Salaam na kutamka kwamba Tanzania inao uwezo wa kumpiga Amin, inayo sababu, na inayo nia. Kufikia Aprili 11, 1979, Kampala ilikuwa imetekwa na utawala wa Amin umeanguka.

Tangu hapo hukumu mbili zimeshindana. Ya kwanza inamwona Nyerere kuwa mkombozi; kila Juni 1 waumini hukusanyika Namugongo kumwombea, huku kanisa likiendelea na mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Ya pili inamwona kuwa kiongozi aliyevunja kanuni ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Monrovia Julai 1979, Gaafar Nimeiri wa Sudan na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliikosoa Tanzania kwa msingi huo. Hukumu zote mbili huipokea kauli ya Novemba kama kaulimbiu. Ni mara chache huulizwa maneno yenyewe yalisema nini, na yaliwafikiaje watu waliokuwa mbali na Kagera.

Busia na Tororo: madai ya ardhi ya 1976

Busia na Tororo zinafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu wakazi wake walikuwa wameshasikia kauli nyingine ya kutisha kuhusu mpaka. Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa mali ya Uganda kihistoria. Jomo Kenyatta alijibu kwamba Kenya haitatoa hata inchi moja ya ardhi yake.

Madai ya Amin yalikuwa na chembe ya ukweli wa kihistoria. Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulikabidhi kwa himaya yao ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya. Mstari uliotokana na mabadiliko hayo uliwagawa Wasamia na Wateso pande mbili. Ila Azimio la Cairo la 1964 lilikuwa limewafunga viongozi wa Afrika kuiheshimu mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru. Kosa la Amin, basi, halikuwa kuutaja mwaka 1902, bali kuigeuza kumbukumbu kuwa hati ya kumiliki. Kwa Msamia wa Busia mwenye ndugu ng'ambo, kauli ya aina hiyo ilimfanya yeye na shamba lake kuwa kitu kinachogombewa.

Kiambishi cha yambwa na mipaka ya uadui

Kauli ya Nyerere ilijengwa kwa namna tofauti. Kitenzi "kumpiga" kina kiambishi cha yambwa "-m-", cha nafsi ya tatu umoja. Anayepigwa ni yeye, si wao. Iwapo Nyerere angesema "kuwapiga", yambwa lingeweza kuwabeba Waganda, Wasoga, Wajopadhola na kila aliyeishi chini ya bendera ya Uganda. Iwapo angesema "kuipiga", nchi yenyewe ndiyo ingekuwa adui. Magazeti na redio za Tanzania ziliuendeleza umoja huo kwa kumwita Amin "nduli".

Msomaji anayeifikia hotuba hii kupitia tafsiri huona ukali tu, wala haoni kwa urahisi mpaka uliochorwa na herufi moja. Mpaka huo ulikuwa na maana Tororo. Mwanzoni mwa Machi 1979 wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin walitokea upande wa Kenya na kuishambulia kambi ya jeshi ya Tororo, kabla ya kurudishwa nyuma. Kauli yenye yambwa la umoja iliwaachia Waganda kama hao nafasi ya kuwa washirika. Machi hiyohiyo makundi yao yalikutana Moshi na kuunda chombo cha pamoja chini ya Yusuf Lule.

Lugha yenyewe pia ilikuwa sehemu ya ujumbe. Kwa Waganda wengi Kiswahili kilikuwa sauti ya kambi tangu enzi za jeshi la kikoloni, na mwaka 1973 utawala wa Amin ulikitangaza kuwa lugha ya taifa. Majeshi ya Tanzania yalipofika Tororo na mpaka wa Kenya baada ya kuanguka kwa Jinja Aprili 22, 1979, neno "wakombozi" liliingia katika matumizi kuwaita askari waliozungumza lugha ileile ya askari waliokimbia. Mpakani, ambako Kiswahili kilikuwa pia lugha ya soko, tofauti haikuwa katika lugha bali katika nani aliyetajwa kuwa adui.

Kilichoachwa bila kusemwa

Tathmini ya haki haiwezi kuishia kwenye sifa. Kwanza, kati ya maneno matatu ya Nyerere, "nia" ndilo lenye utata zaidi. Milton Obote aliishi Tanzania tangu alipopinduliwa mwaka 1971, na Septemba 1972 wafuasi wake waliivamia Uganda wakitokea Tanzania na kushindwa. Wakosoaji wana msingi wanapouliza kama nia hiyo ilizaliwa Kagera au ilikuwepo tangu zamani. Jibu lililo karibu na ushahidi ni kwamba nia ya zamani ilikuwepo, lakini sababu ya vita ilitolewa na Amin mwenyewe alipovuka mpaka.

Pili, "kupiga" hakuonyeshi pigo linaishia wapi. Mtu aweza kupigwa akarudi kwake, na aweza kupigwa akaondolewa. Nyerere hakusema kumfukuza, kumshinda wala kumng'oa. Upana huo ulimruhusu kuanza na lengo la kuikomboa Kagera, kisha kusonga hadi Kampala, hasa baada ya Libya kutuma askari kumsaidia Amin.

Tatu, umoja wa kiambishi haukuwalinda wote. Watu waliohusishwa na Amin kwa dini au kabila, wakiwemo Wanubi na watu wa Nile Magharibi, walilipiziwa kisasi mwaka 1979 na 1980, ingawa kauli ya vita haikuwataja. Tena, serikali zilibadilika kwa kasi hadi Obote aliporudi madarakani kwa uchaguzi wa Desemba 1980 uliopingwa, nchi ikatumbukia katika vita vingine. Kauli iliyosema wazi nani apigwe haikuwa na mwenzake wa kusema nani alindwe na nani ajenge.

Hitimisho

Nyerere wa Novemba 1978 hakuwa mvamizi aliyejificha nyuma ya maneno, wala mkombozi aliyeona kila kitu mbele. Alikuwa kiongozi aliyeuwekea uadui mipaka kwa usahihi kuliko jirani yake wa 1976, akaiacha amani bila maelezo.

Suala hili ni la leo. Katiba ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2005 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza. Walimu wa Busia na Tororo watahitaji matini za kufundishia, na hotuba za viongozi zitakuwa miongoni mwake. Inapendekezwa kwamba hotuba ya 1978 ifundishwe katika Kiswahili chake cha asili, pamoja na tarehe na hadhira yake, ikilinganishwa na madai ya 1976 na yaliyotokea Uganda baada ya ushindi. Washauri wa sera nao wana funzo la kuchukua: kila tamko la mgogoro lipimwe kwa yambwa lake, kisha liulizwe litaishia wapi.