King'ora Kisilale Siku ya Hatari

Wahenga walisema: ikilia mbiu ya mgambo, kuna jambo. Katika nchi ya Mara usemi huo hauhitaji mkalimani. Tangu zamani, ng'ombe walipoibwa au nyumba iliposhika moto, yowe lilipigwa, na kila mwenye nguvu akatoka. Siku hizi yowe limepata mwenzake wa umeme, yaani king'ora. Basi yatupasa kuuliza bila haya: Je, ving'ora vilivyowekwa viwandani, machimboni na penginepo vitalia siku vitakapohitajiwa?

Swali hili si la mzaha. Julai 2023, waumini waliokuwa wakitoka ibadani walizama na mitumbwi yao katika Ziwa Victoria, wilayani Bunda, na watu zaidi ya 10 wakafa. Hatusemi kwamba king'ora kingaliwaokoa. Twasema tu kwamba upepo wa ziwa haupigi hodi, na onyo lililochelewa ni sawa na onyo ambalo halikutolewa.

King'ora hakifi siku ya hatari. Hufa kabla, kimyakimya. Betri huchoka, nyaya hushika kutu, na nyigu na ndege hujenga viota ndani ya pembe yake. Radi nayo huunguza vyombo pale ambapo waya wa kupeleka umeme ardhini umekatika. Fundi asidanganyike na kipimo cha betri iliyopumzika. Betri ya volti 12 yaweza kuonyesha 12.6 ikiwa imetulia, kumbe ikipewa kazi yaanguka mara moja. Hiyo yafaa ipimwe king'ora kikiwa kinalia.

King'ora kikikataa kulia, tusikimbilie kununua kipya. Tuanze na umeme na betri, kisha fyuzi, kisha nyaya na swichi, na mwisho mota au spika yenyewe. Kabla ya kugusa chochote umeme uzimwe, na aliye karibu azibe masikio, kwa kuwa sauti hiyo yaweza kuharibu usikivu.

Tena, sauti ina mipaka. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Upepo ukivuma kinyume, mkulima wa Butiama aliye shambani asitarajiwe kusikia kilio cha Musoma. Kwa hiyo siku ya majaribio watu wasimame pembezoni, waeleze walichosikia. Aliye chini ya mlingoti si shahidi wa kutosha.

Lakini chombo kizima peke yake hakitoshi. Huko Hawaii, Marekani, ving'ora hujaribiwa kila mwezi. Hata hivyo, tarehe 8 Agosti 2023 moto ulipoteketeza mji wa Lahaina, havikupigwa, na watu wapatao 100 wakafa. Mkuu aliyehusika alieleza kuwa alihofia wananchi wangedhani ni mawimbi ya bahari, wakakimbilia mlimani kulikokuwa na moto. Tazameni, ndugu: chombo kilikuwapo, ila maana ya mlio haikuwa moja katika vichwa vya watu.

Basi twashauri hivi. Kila penye king'ora pawe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na msaidizi wake, wenye mamlaka ya kukipiga bila kungoja barua. Pawe na daftari la majaribio ya kila mwezi, na siku ya majaribio itangazwe mapema, wananchi wasitaharuki. Na kila tawi na kila shina lifundishe watu wake, watoto wakiwamo, mlio upi wamaanisha nini na pa kukimbilia ni wapi.

Kazi hii haina shangwe wala picha gazetini. Ni kazi ya mtu mwenye kitambaa, bisibisi na uaminifu. Lakini usiku ule wa hatari, kijiji kizima kitakuwa mikononi mwake. Tumheshimu mtu huyo tangu leo, tumpe vifaa vyake, na tumwulize daftari lake.